Simu mlangoni: nani mwenye idhini ya picha za usiku wa kupamba?

Kadi nyingi za harusi siku hizi, Lamu kama ilivyo Mombasa na Malindi, zina mstari mmoja chini kabisa: simu zenye kamera haziruhusiwi. Mgeni akifika usiku wa kupamba anawakuta wasichana mlangoni na kapu, anatoa simu, anapewa kijikaratasi cha nambari, anaingia. Wengi hutoa bila neno. Wengine hukasirika, wakaona wamefanywa wezi mbele za watu, na maneno yakaanza mtaa wa Mkomani yakaishia mtaa wa Langoni.

Mimi niko upande wa kapu. Hata hivyo wanaolipinga wana hoja za haki, na baadhi yake sijasikia zikijibiwa vizuri.

Kupamba ni usiku wa harusi wa wanawake peke yao. Bibi harusi amekwisha kupakwa hina na piko, ile rangi nyeusi ya urembo, anaketishwa juu atazamwe, na wageni wanavua mabuibui wakabaki na magauni yao na nywele zilizotengenezwa tangu asubuhi, vikuba vya asumini vifuani, udi umefukizwa. Vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, likipigwa, hata mama mtu mzima ambaye njiani humsikii sauti husimama akacheza. Anacheza kwa sababu anajua hakuna mwanamume anayemwona.

Nyumba za mawe za mji wetu wa kale wa Lamu, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, zilijengwa kwa fikra hiyo hiyo. Mgeni wa nje anaishia dakani, kibaraza cha mlangoni. Akipita mlango anaingia tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inapinda kabla ya kufika kiwandani, yaani ua wa ndani, hivi kwamba mlango ukiachwa wazi mpita njia bado haoni walio ndani. Waliojenga walikaa wakafikiri jicho la mtu litafika wapi. Simu inavuka kuta hizo zote bila hata mwenye nyumba kujua.

Na mara nyingi mpiga picha hana nia mbaya. Anampiga picha bibi harusi kwa mapenzi tu, nyuma yake wameonekana wanawake sita. Anaituma kwenye kundi la ukoo. Tangu mwaka 2022 kundi moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu 1,024, na kwenye simu nyingi picha ikipokewa inajihifadhi yenyewe pamoja na picha nyingine za mwenye simu. Hapo imeshafika kwa waume, kaka na wavulana wa nyumba kadhaa. Simu ikiharibika inapelekwa kwa fundi, na picha zimo. Aliyeiweka kwenye status anajitetea kwamba baada ya saa 24 inafutika, ilhali mwenzake amekwisha kuinasa kwenye skrini. Sasa kuna na programu za akili bandia zinazochukua sura ya mtu zikaibandika kwenye mwili usio wake. Anayeumia hapo kwa kawaida si bibi harusi. Ni yule mgeni wa nyuma, ambaye hakuulizwa, na ambaye kesho atatakiwa na mumewe aeleze alikuwa akicheza vipi na kwa nini.

Upande wa pili sasa. Corona ilipoingia na serikali ya Kenya ikaweka kafyu ya usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020, simu ndiyo iliyounganisha jamaa kwenye furaha na misiba. Mazoea hayo hayakuondoka, na sioni kwa nini yaondoke. Shangazi aliyeko Oman au Uingereza amechangia harusi kwa miezi, na bibi mzaa mama hawezi tena kushuka ngazi za nyumba yake. Kuwaambia hawa wasubiri kusimuliwa ni ukatili. Kuna pia mama aliyeacha mtoto mwenye homa nyumbani: simu yake ikiwa kapuni, atajuaje akitafutwa?

Kuna na riziki. Wapaka hina, mafundi wa nguo, wanaokodisha magauni na wanaopamba majukwaa ni wanawake wenzetu, na biashara yao leo inatangazwa kwa picha. Ukimnyima mpaka hina picha ya mkono aliouchora, umemfungia duka. Na nyimbo za vugo zenyewe nani atazihifadhi? Wanaozijua kwa mapana ni kina mama wa umri mkubwa, na kila anapofariki mmoja wanabaki wachache wa kuwafundisha wasichana. Hoja hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote.

Wengine husema sheria ipo, kwa hiyo kapu la nini. Ni kweli Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lakini sheria hiyo inaachilia shughuli za mtu binafsi na za nyumbani, na picha ya harusi iliyotumwa kwa jamaa itatetewa kwa mlango huo huo. Ile ya 2018 ya uhalifu wa mtandaoni inaadhibu usambazaji wa picha chafu na za siri za mwili. Sidhani kama kituo cha polisi kitaiona picha ya mwanamke aliyevaa gauni, kichwa wazi, kuwa ni kosa la namna hiyo. Kwake yeye ni aibu ile ile. Ulinzi wake uko mlangoni mwa mwenye harusi.

Ninachodai basi ni idhini. Mwenye harusi anaweza kuitoa picha ya binti yake. Picha ya mgeni si yake kuitoa. Kwa hiyo simu ziachwe, lakini mlangoni akae mtu mzima mwenye simu moja, nambari yake iwe kwenye kadi, ili mwenye dharura nyumbani aitwe. Mpiga picha awe mwanamke mmoja. Shangazi wa ng'ambo apigiwe kwa muda uliotangazwa, watu wakiwa wamejifunika, simu imwelekee bibi harusi peke yake. Mpaka hina apige picha za mikono kabla wageni hawajafika. Vugo lirekodiwe sauti tu, kwa ruhusa ya waimbaji.

Pana tundu moja bado. Mara nyingi anayehariri video hizo dukani ni mwanamume, na kadi ya kamera hukaa kwake siku nyingi. Familia inayowanyang'anya wageni simu kisha ikampelekea yeye video ya usiku mzima haijamlinda mtu. Wasichana wa Lamu wanaojua kompyuta wapo. Wapewe wao kazi hiyo, walipwe vizuri, na kadi irudi kwa mama wa bibi harusi siku ile ile.