Chai ya tumbo ikifanya kazi, ndipo uogope

Mama mdogo alinipigia simu kwa furaha: amepungua kilo tatu ndani ya siku nne! Chai ya kupunguza tumbo kainunua kwa dada mmoja wa WhatsApp mwenye picha kibao za kabla na baada. Nikamuuliza anajisikiaje. Akacheka: "Mwanangu, chooni ndiko ninakoshinda."

Nyingi ya chai hizi zina sanamaki, ileile tuliyonyweshwa na bibi zetu tukifunga choo. Tumbo linaendesha, maji yanatoka, mizani inashuka, mafuta yapo palepale. Ukiendelea nayo wiki kwa wiki unapoteza na potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa.

Halafu zile ahadi za "kilo 10 kwa siku 7". Kilo moja ya mafuta mwilini ina kalori kama 7,700. Kilo kumi ni 77,000, yaani 11,000 kwa siku. Mtu mzima hutumia 2,000 na kitu kwa siku, kwa hiyo hata ukilala njaa wiki nzima hufiki huko.

Ila mimi chai isiyofanya kazi siiogopi sana. Umeliwa hela, yamekwisha. Naogopa kidonge kinachofanya kazi kweli. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kukata hamu ya kula hadi 2010, ilipoondolewa sokoni Ulaya na Marekani, baada ya utafiti wa wagonjwa wapatao 10,000 kuonyesha kwamba iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Tangu hapo wakaguzi wa nchi mbalimbali wameikuta tena na tena, imefichwa ndani ya vidonge vya "asilia 100%". Umemeza "majani", njaa ikakatika ghafla, kinywa kikakauka, usingizi ukapaa, moyo ukaenda mbio? Hayo si majani.

Na mama mdogo ana presha, anameza dawa kila asubuhi. Muuzaji alimuuliza kitu kimoja tu: unalipa kwa M-Pesa au Airtel Money?

Niliomba nione pakiti. Namba ya usajili, iwe ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, au ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, hakuna. Viambato havikutajwa, kiwanda hakina jina. Kuna picha ya kiuno.

Amekubali kuacha. Ila kaniomba nisimwambie jirani yake, maana pakiti yake ya pili alishamuuzia huyo jirani.