Usiniambie wangapi wamelisifu wazo lako, niambie wangapi wametoa pesa

Wiki iliyopita mpwa wangu alikuja kunionyesha rundo la karatasi. Alikuwa ameandaa dodoso, akazunguka nalo wiki tatu na kuhoji watu 200 kuhusu biashara anayotaka kuanzisha: kukodisha vifaa vya kazi za nyumbani. Ngazi, drili, msumeno wa umeme, mashine ya kuoshea mazulia. Mteja anaagiza kwa simu, analetewa mlangoni. Swali la mwisho liliuliza, "Huduma hii ikianza, utaitumia?" Watu 171 walijibu ndiyo.

"Soko lipo, mjomba," akaniambia, uso umejaa furaha. Barua ya kuacha kazi ameshaiandika. Dada yangu amekubali kumpa akiba yake yote.

Nikamuuliza, kati ya hao 171, wangapi wametoa hata senti. Akanyamaza kidogo. "Watoe ya nini, mjomba, na biashara bado haijaanza?"

Usingizi ulinipaa usiku ule, kwa sababu jibu hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, na liliniponza.

Hao 171 si waongo. Kijana mwenye adabu amesimama mbele yako, ameshika kalamu, anakueleza ndoto yake. Utamwambia hapana? Unamwambia ndiyo, unamwombea heri, unaendelea na safari yako. Ndiyo ya namna hiyo haigharimu kitu, na ndiyo isiyogharimu kitu haipimi kitu. Zaidi ya hapo, swali lenyewe lina kasoro. Ukimuuliza mtu "utanunua?" unamtaka atabiri mambo yake ya kesho, na mtu wa kesho katika fikra zetu huwa na muda, nidhamu na pesa kuliko huyu wa leo. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Waliosema maneno hayo hawakuwa wakizungumzia biashara, lakini sijapata kanuni ya soko iliyo wazi kuliko hiyo.

Yangu yalikuwa hivi. Nilitengeneza programu ya kuwasaidia walimu wa masomo ya ziada kupanga vipindi na kufuatilia malipo ya wanafunzi. Nilizungumza na walimu wengi na wote waliisifu, wengine wakaniuliza itakuwa tayari lini. Nikajifungia miezi minane. Nilipoileta na kutaja bei, mwalimu mmoja aliyekuwa amenitia moyo kuliko wote alinionyesha daftari lake. Kila kitu kilikuwa humo, kwa kalamu mbili, nyekundu na bluu. "Hili halijawahi kunisumbua," akasema kwa upole. Miezi minane sikuwahi kumuuliza anafanyaje sasa. Nilimuuliza tu kama wazo langu ni zuri.

Tangu siku ile naamini swali la kuanzia ni la jana, si la kesho. Mara ya mwisho ulipohitaji ngazi ulifanyaje? Uliazima kwa jirani? Ulimwita fundi akaja na yake? Uliacha kazi isifanyike na maisha yakaendelea? Ilikugharimu nini? Mtu ambaye hajawahi kuhangaika kutafuta suluhisho hana shida ya kutosha kukulipa. Aliyehangaika, akajaribu njia mbili tatu mbovu na bado analalamika, huyo ndiye wa kufuatwa. Na jirani anayeazimisha ngazi bure ni mshindani, hata kama hana duka wala bango.

Baada ya swali la jana, omba kitu kinachouma kidogo kukitoa. Malipo ya awali ndiyo bora. Yakishindikana, oda yenye tarehe. Mtu anayekuacha umalize maelezo, kisha akauliza "nalipia wapi?", ana uzito kuliko karatasi mia za ndiyo. Na pesa yake uirudishe yote biashara isipoanza. Kuchukua malipo ya kitu usichokusudia kukitoa ni wizi, hata ukiuita utafiti.

Wapo wanaoamini makosa haya ni ya wasio na mtaji. Mwaka 1985 Coca-Cola ilibadilisha ladha ya kinywaji chake baada ya kuwaonjesha watu wapatao 200,000. Wengi waliipenda ladha mpya. Ilitoka Aprili 23, wateja wakaja juu, na Julai 11 kampuni ikatangaza kuirudisha ile ya zamani. Siku 79. Kuonja kikombe kidogo na kusema kipi kitamu ni jambo moja, kukubali kuondolewa kinywaji ulichokizoea maisha yako yote ni jingine. Kampuni ya Quibi nayo ilikusanya takriban dola bilioni 1.75 kwa ajili ya vipindi vifupi vya kutazamwa kwenye simu, ikazinduliwa Aprili 2020, na Desemba mwaka huohuo ilikuwa imefungwa. Pesa nyingi hununua matangazo na ofisi nzuri. Uhitaji haununuliki.

Mfano ninaoupenda ni wa Nick Swinmurn, mwanzilishi wa Zappos, duka la viatu la mtandaoni. Mwaka 1999 alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye intaneti bila kuvijaribu mguuni. Hakujaza ghala. Alikwenda kwenye maduka ya viatu, akavipiga picha, akaziweka kwenye tovuti. Mtu akiagiza, Swinmurn anarudi dukani, ananunua kiatu kwa bei ya rejareja na kukituma. Kwa njia hiyo faida haikuwepo, lakini alipata jibu ambalo dodoso lisingempa: watu wasiomjua, wasio na sababu ya kumfurahisha, walitoa pesa zao.

Wasiomjua, narudia. Shangazi akinunua, hiyo ni zawadi.

Na jaribu kwa bei halisi. Cha bure hupendwa na kila mtu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kuna vitu ambavyo watu hawawezi kuvitamani kabla ya kuvishika. Walkman ya Sony ya mwaka 1979 ilitiliwa shaka na wengi, eti nani atanunua kifaa cha kaseti kisichorekodi, na ikauzwa dunia nzima. Sawa. Lakini Sony ilikuwa kampuni kubwa, ingekosea ingeendelea kuuza redio na televisheni. Dada yangu ana akiba moja. Na hata kitu kipya kabisa unaweza kutengeneza vichache, ukawapa watu mkononi, ukaona nani anakataa kukirudisha.

Mpwa wangu alikasirika. Alisema nimemkatisha tamaa, na maneno hayo yaliniumiza kwa sababu natamani afanikiwe kuliko anavyodhani. Nikamwomba jambo moja tu: achague watu 30 kati ya wale 171, awapigie, awaambie huduma inaanza Jumamosi, atakayelipa leo atahesabiwa wa kwanza. Vifaa ataazima. Ataleta mwenyewe.

Wanane hawakupokea simu. Wengi waliobaki walisema watamtafuta. Wanne walilipa. Hakuna hata mmoja wao aliyetaka drili wala mashine ya mazulia. Watatu walitaka ngazi ndefu, ile isiyoingia kwenye gari la mtu wa kawaida, na wa nne aliuliza kama anaweza kuletewa ngazi pamoja na mtu wa kuipanda.

Barua ya kuacha kazi bado iko kwenye droo. Akiba ya dada yangu haijaguswa. Jana usiku kijana alinipigia tena, akizungumza harakaharaka, na hakutaja dodoso hata mara moja. Alitaka kujua ngazi yangu ina urefu gani.