Nani Atafunga Maboksi? Uandishi wa Pamoja na Viongozi Wanawake Wasio Wazungu Marekani

Julai 1977 wanawake Weusi wapatao 20 walikutana South Hadley, Massachusetts, kwa mwaliko wa Combahee River Collective, kikundi cha wanaharakati wanawake Weusi cha Boston. Kila mmoja aliombwa aje na nakala za maandishi yoyote yanayohusu harakati zao, wagawane. Miezi michache kabla, Barbara Smith, pacha wake Beverly na Demita Frazier walikuwa wamemaliza tamko la kikundi, ambalo vyuoni linasomwa hadi leo. Kufikia 1980 vikao vya namna hiyo vilikuwa saba.

Wanaoamini kwamba viongozi wanawake wasio Wazungu hujengwa kwa kuandika na kukaa pamoja hupenda kuanzia kwenye tamko hilo. Mimi ningeanzia kwenye kijitabu. Katika miezi ya kwanza ya 1979 wanawake Weusi 12 waliuawa Boston. Kikundi kilitoa kijitabu chenye idadi ya waliouawa kwenye jalada na swali: kwa nini wamekufa? Idadi ilipopanda, tarakimu ya zamani ilipigwa mstari, mpya ikaandikwa kando yake. Ndani mlikuwa na maelekezo ya kujilinda. Kasi ile haiji kwa kuitana siku ya msiba. Waandishi wake walikuwa wameshazoeana, wanajua nani anaandika haraka na nani anakagua.

Wapinzani, hata hivyo, wana hoja ambayo mashabiki huiruka: nani analipia jasho hilo? Mwaka 1980, baada ya mazungumzo ya simu kati ya mshairi Audre Lorde na Barbara Smith, lilianza shirika la uchapishaji, Kitchen Table: Women of Color Press. Jina lilitokana na meza ya jikoni, mahali ambapo wanawake hufanya kazi na kuongea. Persephone Press, shirika la uchapishaji la wanawake Wazungu, lilipofungwa 1983, mkusanyiko muhimu wa maandishi ya wanawake wasio Wazungu ungetoweka madukani. Kitchen Table iliuchapa upya mwaka huohuo. Lakini sehemu kubwa ya kazi ilifanywa kwa kujitolea, na Lorde alipofariki 1992 shirika halikudumu sana.

Wala kuuza sana si dawa. Maduka ya vitabu huchukua mzigo kwa mkopo, hulipa baada ya miezi, na nakala zisizouzwa huzirudisha. Mpiga chapa anataka fedha yake sasa. Kitabu kikipendwa, deni la kukichapa tena linafika kabla ya mapato. Kusoma miswada kila mtu anataka. Kufunga maboksi na kudai maduka hakugombewi.

Kuna lawama nyingine, kwamba vikundi vya namna hii huwaacha viongozi wakiongea wao kwa wao. Hii naiona nyepesi. Barbara Smith huyohuyo alikuja kuwa diwani wa Albany, New York, kwa vipindi viwili, 2006 hadi 2013. Mtu mmoja si ushahidi wa jumla, lakini meza ya jikoni haikumzuia kufika kwenye meza ya bajeti.

Kwa anayetaka kuanzisha kikundi cha viongozi wanaoandika, watu sita hadi wanane wanatosha. Kikao cha saa mbili kinabeba maandishi matatu, kila moja lisizidi maneno 1,500, yatumwe wiki moja kabla. Yakizidi hapo, nusu ya kikundi hufika haijasoma, na maoni yanageuka pongezi. Usiweke bosi na aliye chini yake kikundi kimoja: wa chini atanyamaza, au ataandika kuhusu ofisi na kuponzwa na karatasi yake mwenyewe. Nani anabaki na nakala, hilo liamuliwe kabla ya andiko la kwanza kusambazwa.

Mkikusanya kitabu, mkataba useme wazi kwamba mchapishaji akifunga, au kitabu kikikosekana sokoni kwa miezi 12, haki zinarudi kwa waandishi bila malipo. Na mratibu alipwe mshahara. Wafadhili hupenda kulipia hoteli ya siku tatu, maana ina picha. Waulizwe kwanza kama watalipia miezi 12 ya mtu wa kutuma barua, kutunza hesabu na kufuata madeni.