Thumni, thuluthi na hesabu za Kidato cha Kwanza

Kidenmaki kina maradhi ya namba. Ukitaka kusema tisini unasema "halvfems", mkato wa neno la zamani lenye maana ya nne na nusu mara ishirini. Tisini na saba, basi, ni saba na nne-na-nusu-mara-ishirini. Mwaka wangu wa kwanza Aarhus, huku Denmark, nilikuwa nikitajiwa bei dukani natoa noti kubwa tu, nangoja chenji kwa tawakkal. Na kwa lugha hiyo hiyo watoto wao wanasoma hesabu, tangu siku ya kwanza ya skuli mpaka darasa la tisa. Sijasikia mzee hata mmoja akilalamika kuwa lugha haifai.

Sisi tisini na saba yetu ni tisini na saba, na tunaivua mlangoni mwa darasa kama viatu.

Nimesoma Wete. Skuli ya msingi tulikuwa tukiimba MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Naingia Kidato cha Kwanza, mwalimu kaandika BODMAS ubaoni. Ni kitu kile kile, lakini mwezi mzima nilidhani ni somo jipya. Kiasi na asili, namba ya juu na ya chini ya sehemu, vikageuka nyumereta na dinominata. Aliyeuliza alichekwa, aliyerudia kuuliza alionja bakora. Tukakariri, tukapita.

Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikaja na dawa yake: hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, ili mtoto asishtuke akifika sekondari. Mimi naona mshtuko haukuondoka, umeteremshiwa mtoto mdogo zaidi.

Wala huku si peponi. Binti yangu ana miaka 13, na ukimuuliza saba mara nane anatafuta simu. Mtoto wa Pemba aliyekulia kwenye majamvi ya karafuu, anayejua vibaba vinne ni pishi moja, atamwacha mbali. Ila binti huyu haogopi kukosea. Alama hawapewi mpaka darasa la nane (na zikija zinashuka hadi hasi tatu, kwa hiyo namba hasi wanazijua kwa uchungu wake). Siku moja alimuuliza mwalimu swali lile lile mara tatu. Mwalimu akavuta kiti akakaa. Nilipohadithiwa nilinyamaza kidogo.

Dada yangu husema: "Wewe uko Ulaya, kusema rahisi. Mtihani wa Kidato cha Nne unakuja kwa Kiingereza." Kweli, na mimi simwambii amwache mwanawe bila Kiingereza. Nasema afahamu kwanza, lugha ya mtihani ifuate.

Mwezi uliopita mwanawe alinipigia, kakwama: moja toa thumni (moja juu ya nane), kwenye mabano, zidisha kwa thuluthi mbili (mbili juu ya tatu). Yeye hakusema thumni wala thuluthi. Alisoma Kiingereza cha daftarini, herufi kwa herufi.

Nikamwambia weka daftari. Mtu kafa, kaacha mikarafuu 24, mke, mwana mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Gawa.

Hakufikiri hata kidogo, mirathi wameisoma chuoni, kwenye chuo cha Kurani. "Mke thumni yake, mitatu. Inabaki 21. Mwanamume sehemu mbili, 14. Mwanamke saba."

"Huyo mwanamume kapata ngapi katika 24?"

"Kumi na nne. Ukipunguza, saba juu ya kumi na mbili."

"Hilo ndilo jibu la swali lako."

Kimya. Nikasikia karatasi zikifunuliwa, kisha: "Sasa mjomba, hii mikarafuu naiandikaje kwa Kiingereza?"