Mchungwa wa mama mkwe

Mwenzenu mwaka jana nilipewa mche wa chungwa na mama mkwe, kwao Muheza, na mpaka leo nikipita kwenye matenga ya machungwa naangalia pembeni.

Na sio mche wa hivi hivi, ni wa kubebesha, kaubebesha mwenyewe kwa mkono wake, kikonyo cha chungwa tamu juu ya shina la limau, uko kwenye kiriba cheusi na majani yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta ya nazi. Akaniambia, "Baba, nyie wa mjini hamna shamba, uwekeni hata kwenye ndoo. Wa kubebesha haukawii kama wa mbegu. Ila ukiutoa kiribani udongo wake usiutikise." Nikaitikia ndio mama, ndio mama, akili yote iko kwenye kosta nisije nikakosa siti ya dirishani.

Kufika nyumbani Makorora nikajifanya bwana shamba. Nikatafuta ndoo ya rangi ya lita 20, sikuitoboa, ndoo nzima unaitoboa ya nini. Nikachana kiriba, nikauona ule udongo mwekundu wa Muheza umeng'ang'ania mizizi, nikasema uchafu huu wa shamba hauingii kwangu, nikavuta mpira wa maji nikaosha mizizi mpaka ikawa myeupe, yaani kama mtu anaosha mchicha. Hiyo ni Februari, saa saba mchana, jua la Tanga la kaskazi mnalijua wenyewe, hata kuku wamejificha chini ya bodaboda. Nikapanda hapohapo juani, nikashindilia, nikapiga picha nikamtumia mama mkwe. Akajibu "Mashallah".

Alasiri majani yote yamelala, yananing'inia kama masikio ya mbuzi alonyeshewa. Nikamwagia maji. Magharibi yamelala zaidi, nikaongeza. Asubuhi maji yamesimama juu ya ndoo kama supu na mche umo katikati kama mfupa. Jirani yetu, mzee mmoja mstaafu anayejua kila kitu, akachungulia ukutani akasema huo una njaa, utupie yurea. Nikatupia viganja viwili! Siku ya tatu ncha za majani zimeungua, kahawia, kama zimepitishwa kwenye jiko la mkaa.

Ndo nikakimbilia duka la pembejeo. Kijana wa pale kunisikiliza tu akakaa juu ya mfuko wa mbolea akacheka. "Bro, umeiosha mizizi? Vile vinyweleo vyembamba ndo mdomo wa mche, we umevikata vyote, mgonjwa hana mdomo halafu unamlazimisha pilau." Na yurea nyingi vile, akasema, inavuta hata ule unyevu kidogo uliobaki kwenye mzizi. Nitoboe ndoo, nibadilishe udongo, niweke kivulini, nikate majani nusu maana yanatoa jasho na mzizi hauna cha kuyapa, niufunike na nailoni angavu ubaki na unyevunyevu wake, na mbolea nisahau kabisa mpaka uchipue.

Sawa, nailoni angavu kubwa napata wapi, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku toka Juni 2019? Nikakumbuka suti yangu ya harusi iko kabatini kwenye nailoni ya dobi. Nikaivua suti nikauvalisha mche, ndoo nikaiweka barazani, nailoni ikaning'inia na hanga yake kwenye msumari. Nikalala nimeridhika kama mzazi aliyeshusha homa ya mtoto.

Saa nane usiku nasikia, "Mwiziii! Mwizi kwa baba Fulani!"

Ni yule mzee wa yurea. Kaamka kwenda msalani, upepo wa baharini unaipepea nailoni, taa ya baraza iko nyuma yake, yeye kaona mtu mweupe, mabega mapana, kichwa hana, kasimama mlangoni kwangu anapumua. Nikatoka na bukta na panga, nikampita mwizi pale pale barazani bila kumwona, nikaungana na wenzangu kumtafuta. Tulikuwa watu kama kumi, mimi ndo naongoza msafara, tumezunguka nyumba mara mbili, tumepekua mpaka banda la bata, ndipo mama watoto akatoka na tochi akasimama kwenye ngazi. "Baba Fulani, mnamtafuta mchungwa?"

Wiki nzima pale kijiweni niliitwa Bwana Harusi.

Lakini mche ukapona jamani! Kijiti cha juu kilikauka nikakikata, ila chini, karibu kabisa na udongo, pakatoka chipukizi la kijani, linakimbia balaa, kila asubuhi nalipima na rula ya mwanangu. Likaota na miiba mirefu, nikajua hiyo ndo afya yenyewe. Picha nikawa namtumia mama mkwe majani tu, kwa karibu, ndoo isionekane.

Sikukuu ya Idi akaja mwenyewe. Hata baibui hajavua, akanyoosha barazani moja kwa moja, akainama, akaangalia pale chipukizi lilipotokea, akalipandisha jicho mpaka kwenye kovu la kubebeshea, juu huko, pakavu. Akachuma jani moja, akalifikicha, akalinusa, akanipa na mimi.

"Baba, unasikia harufu gani?"

Nikanusa. Nikanusa tena.

"Chungwa langu lilikufa siku nyingi," akasema taratibu. "Hili unalolilea ni limau."

Mama watoto akakimbilia ndani, namsikia anachekea kwenye mto. Mimi nimesimama na jani langu mkononi, na juu ya ukuta kikachomoza kile kichwa cha jirani, kinatabasamu.

"Si nilikwambia yurea itausaidia?"