Fomu Ikiuliza Wilaya, Inauliza Nini?

Mkazi wa Ngaramtoni, mkoani Arusha nchini Tanzania, akikuta katika fomu mstari ulioandikwa "Wilaya", ana haki ya kusita kidogo kabla ya kujaza. Anaishi katika Wilaya ya Arumeru, na mkuu wa wilaya hiyo ndiye anayeiwakilisha Serikali Kuu kwake, lakini shule ya msingi ya wanawe na zahanati anayotibiwa zinasimamiwa na Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Akiandika "Arusha", anayeipokea fomu anaweza kumhesabu katika Wilaya ya Arusha, yaani lile eneo la Jiji, ambako yeye hakai. Jirani zake wa Usa River nao ni wa Arumeru, ila halmashauri yao ni ya Wilaya ya Meru.

Sioni sababu ya kumlaumu aliyechapa fomu, kwa kuwa neno lenyewe limebebeshwa maana mbili. Wilaya ni sehemu ya mkoa iliyo chini ya mkuu wa wilaya anayeteuliwa na Rais. Vilevile ni eneo la serikali ya mtaa lenye baraza la madiwani na mkurugenzi wake. Halmashauri zilizovunjwa mwaka 1972, wakati wa Madaraka Mikoani, sera iliyohamishia kazi zake katika ofisi za Serikali mikoani na wilayani, zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, ambazo zilizipa zile za vijijini jina la mamlaka za wilaya. Pale ambapo mipaka ya maeneo hayo mawili inalingana, hakuna anayesumbuka. Taabu huanza halmashauri zinapogawanywa huku wilaya ikibaki moja, kama ilivyo Kahama, yenye halmashauri tatu, za Manispaa ya Kahama, Msalala na Ushetu, chini ya mkuu wa wilaya mmoja.

Ukivuka mpaka, mambo huwa mengine. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, na wilaya ikapungua katika lugha ya serikali, ingawa wazee wengi bado wanaitaja wanapoeleza kwao ni wapi. Kata ya huko ni ya chifu, ilhali ya Tanzania ni ya diwani. Eneo la mwakilishi wa kuchaguliwa Wakenya huliita wadi, na mhariri wa Dar es Salaam anayenakili taarifa ya Nairobi bila kulijua hilo atawapotosha wasomaji wake. (Nchini Algeria, ambako neno wilaya hutumika kwa asili ileile ya Kiarabu, wilaya ni ngazi ya juu kabisa chini ya taifa, karibu sawa na mkoa wetu.)

Maoni yangu ni kwamba wilaya ibaki kuwa eneo la mkuu wa wilaya tu, na fomu za umma ziwe na mstari wa pili unaouliza halmashauri. Najua nitajibiwa kwamba "Halmashauri ya Wilaya" ni jina la kisheria, na kwamba linasaidia kuitofautisha na halmashauri ya mji. Hoja hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mtu anapozitaja halmashauri mbili za Korogwe kuwa Korogwe Mji na Korogwe Wilaya, neno limekwisha kupata maana ya tatu, ya mahali pasipo mjini, na maana hiyo haimo katika tafsiri yoyote ya sheria niliyowahi kuisoma.