Anayekwambia upunguze upepo kwa sababu safari ni ndefu, usimsikilize

Kila ikikaribia Desemba, watu wa Dar wakianza kujiandaa kwenda mikoani (wenzetu wa Moshi ndo usiseme, wanaenda kuhesabiwa), kuna ushauri mmoja unaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na pale kwa mafundi pancha, na mimi kila nikiusikia nachoka. Eti kama unaenda mbali punguza upepo kwenye tairi, kwa sababu njiani zitapata moto, upepo utatanuka, tairi zitapasuka. Bosi safari ya wapi? Moshi? Aah basi tukuwekee 26 uende na amani. Na anayekwambia ni mtu mzima kaendesha gari miaka na miaka, unaona hata aibu kumbishia.

Mi nabisha.

Nusu ya hiyo hoja ni kweli, sikatai. Upepo ukipata joto unatanuka na kipimo kinapanda, kwa makadirio ni psi 1 hivi (psi ndo kile kipimo cha upepo kwenye geji) kwa kila nyuzi joto 5 au 6 zinazoongezeka. Ukitoka home alfajiri na 33, ukipima Chalinze unaweza kukuta 37. Sawa. Lakini waliotengeneza gari na tairi wanalijua hilo toka zamani, ile namba wanayokupa ni ya tairi ikiwa ya baridi, na kule kupanda kwake njiani kumeshapigiwa hesabu. Hakuna tairi nzima inayopasuka kwa sababu imetoka 33 ikafika 38.

Kitu ambacho hawa washauri wetu hawajiulizi ni joto lenyewe linatoka wapi. Lami ya Same saa nane mchana inachangia, ndio, ila joto kubwa linazalishwa na tairi yenyewe. Kile kipande kinachogusa chini kinabonyea, kikinyanyuka kinanyooka, na gari ndogo ikiwa spidi 100 tairi inazunguka kama mara 14 kwa sekunde moja, yani sekunde moja tu, sasa piga hesabu mpaka Korogwe. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua haraka haraka alafu shika pale ulipokunjia, utaelewa. Upepo ukiwa mdogo ubavu wa tairi unakunjika zaidi, joto linapanda zaidi, na raba inaanza kuachana na zile nyuzi za chuma zilizomo ndani mpaka siku kashata (ile raba nene yenye mikato inayogusa barabara) linabanduka lote ukiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo ukipunguza upepo ili kuzuia joto, wewe ndo umelileta.

Na kuna wanaopunguza njiani kabisa, hawa ndo wananishinda. Mtu kasimama Segera anakula, kapima tairi za moto kakuta 38, kashtuka, katoa mpaka 33. Hizo tairi zikipoa usiku zitakuwa na 28 au 29, na kesho asubuhi anaondoka nazo hivyohivyo, gari imejaa familia na mabegi. Tairi ya moto usiitoe upepo. Kama umeikuta iko chini ya namba ya kwenye gari hali ya kuwa ni ya moto, hapo ongeza, maana ikipoa itakuwa chini zaidi.

Kuna mfano mkubwa wa Marekani ambao napenda kuwatajia wabishi. Mwaka 2000 kampuni ya Firestone iliita tairi zinazokaribia milioni 6.5 zirudishwe, nyingi zilikuwa kwenye Ford Explorer, kashata zilikuwa zinabanduka gari ikiwa spidi na gari zinapinduka. Hizo tairi zilikuwa na matatizo yake zenyewe, lakini moja ya mambo yaliyobishaniwa sana ni kwamba Ford walipendekeza psi 26 tu kwenye gari zito kama lile. Upepo kidogo, mzigo, spidi, joto. Baada ya hapo ikapitishwa sheria, na ndo chanzo cha ile taa ya tairi kwenye dashibodi ambayo gari ndogo mpya zote kule zinatakiwa ziwe nayo tangu 2007. Na hata hiyo taa yenyewe kwa sheria yao inalazimika kuwaka upepo ukishapungua robo nzima, sasa hizi IST na Noah zetu za mtumba kutoka Japani nyingi hata hiyo taa hazina, kwa hiyo taa ni wewe mwenyewe.

Sasa namba sahihi ni ipi? Sio 35 kwa kila gari kama mafundi wengi wanavyoweka bila hata kuuliza, na wala sio ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Ile ya ubavuni, utakuta 44 au 51, ni kikomo cha tairi yenyewe, haijui imefungwa kwenye gari gani. Fungua mlango wa dereva angalia pale kwenye nguzo, kuna stika. Kwenye gari za Japani imeandikwa Kijapani, usiogope, namba ni namba. Ukiona 220, 230, 240 hizo ni kPa, gawanya kwa 7 unapata psi kwa karibu kabisa, 230 inakuwa kama 33. Gari nyingi za Ulaya zina safu mbili, moja ya gari tupu na nyingine ya gari iliyojaa, na angalia vizuri, ya gari iliyojaa ni KUBWA zaidi. Wazungu wanaambiwa waongeze wakibeba mzigo, sisi tunapunguza na nyuma kuna magunia mawili ya mchele.

Kuhusu mafuta niwe mkweli, maana kuna watu wanatia chumvi sana. Wizara ya Nishati ya Marekani wanasema kila psi 1 inayopungua kwa wastani kwenye tairi zote inakula kama asilimia 0.2 ya mafuta. Ukiwa chini kwa psi 10 hiyo ni asilimia 2. Tuseme lita ni 3,000, ukijaza lita 40 umepoteza kama 2,400. Hela ya soda na chapati, haikufilisi. Hela yenyewe iko kwenye tairi: upepo mdogo unakula kingo zote mbili, mwingi unakula katikati, unajikuta unanunua tairi mpya wakati za zamani nusu ya kashata bado ipo. Afu breki. Afu ule usukani mzito unaomlaumu fundi.

Kwa macho huwezi kujua, wala kwa teke. Tairi za siku hizi ikiwa na 24 na ikiwa na 33 zinafanana kabisa zikiwa zimesimama. Nunua geji yako, ndogo tu ya kuweka kwenye dashibodi, maana zile za kwenye kompresa za mtaani zimeanguka chini mara ngapi na zinagongwa kila siku, nyingine ukipima mara tatu inakupa majibu matatu. Pima asubuhi kabla gari haijatembea, walau mara moja kwa mwezi, tairi nzima tu isiyo na pancha inapoteza kama psi 1 kwa mwezi. Na kizibo cha valvu rudishia, kinazuia mchanga.

Naitrojeni? Weka ukitaka, haina ubaya, ila upepo wa kawaida tayari asilimia 78 ni naitrojeni, na ukishalipia bado unatakiwa kupima vilevile. Kuna watu wakishaweka naitrojeni wanasusa geji mwaka mzima, hapo bora wangebaki na upepo wa bure wa sheli.

Kingine kabla hujaondoka, spea. Watu wanapima nne wanasahau ya tano, wanakuja kuigundua porini haina kitu. Kama gari yako ina ile spea nyembamba, hiyo inataka psi 60, sio 33, imeandikwa ubavuni mwake, na mwisho wake ni spidi 80. Fundi akikuwekea 35 kwa mazoea mrudishe palepale aongeze.